Tarikhi ya Neno Laiti na Ng'ombe wa Angetile

Wekeni chini majembe, enyi watu wa Talatala na Ipinda na Bondeni, na ninyi mnaofinyanga vyungu kule ufukweni mwa ziwa, toeni mikono kwenye udongo mnisikilize. Wengine wamesimuliwa habari za wafalme waliobomoa ngome na majemadari waliovuka majangwa. Mimi nimepewa habari kubwa kuliko hizo. Nitawasimulia namna mtu mmoja wa Talatala, mwenye neno moja la Kiingereza mdomoni na tope hadi magotini, alivyopambana na dola ya Uingereza katika mwalo wa Mwaya, akaipokonya mkononi ng'ombe mmoja jike, mwekundu, mwenye baka jeupe shingoni. Anayeliona jambo hili dogo hajapata kunyang'anywa ng'ombe.

Ilikuwa katika miaka ile ambayo Wajerumani walikuwa wamekwisha kujijengea boma lao Tukuyu, wakakaa huko juu penye baridi, wakiitazama nchi yetu ya bondeni kama mtu anavyoitazama sahani ya jirani. Kodi ya nyumba ilikuwa imekwisha kuingia, na kiboko kikaingia nayo, wakaishi pamoja kama mume na mke. Ng'ambo ya mto Songwe walikaa Waingereza. Mungu kwa rehema zake alituweka katikati ya mataifa mawili yenye hekima, tusije tukakosa wa kutuamrisha.

Na Talatala ilikuwa na Enoki. Enoki mbeba mizigo ya mataifa, Enoki mwenye mabega kama mlango wa ghala, ambaye nyayo zake zilikuwa zimezikanyaga njia za Karonga akiwachukulia Waingereza masanduku yao. Wenzake walirudi kutoka huko na blanketi na kikohozi. Enoki alirudi na blanketi na neno. Neno lenyewe lilikuwa raiti. Msimamizi wa mizigo alilitamka kila alipoona mzigo umefungwa vizuri, na Enoki, ambaye mizigo yake ilifungwa vizuri mara chache, alilisikia kwa nadra na kwa hiyo akalithamini mno. Kwa ulimi wetu, usio na mazoea ya kutofautisha re na le, likawa laiti.

Akalitumia kwa ukarimu. Alilisema akionja ndizi kama zimeiva, alilisema akikagua ua wa mtu, na kanisani, mahubiri yalipokwisha na watu wakaitikia amina, sauti yake ilisikika nyuma ikiongeza, "Laiti." Alipoulizwa maana yake alijibu kwa kituo, "Maana yake ni kwamba jambo limekaa vizuri." Wala hakudanganya. Alikuwa ameujua mlango mmoja wa nyumba yenye milango mingi, akadhani ni kibanda.

Kwa neno hilo moja Talatala ikamhesabu kuwa mjuzi wa Kiingereza. Nasi tusiicheke Talatala, kwani wako waliopewa madaraka ya nchi nzima kwa kujua pungufu ya hapo.

Sasa, jumbe wetu wakati huo aliitwa Nsajigwa, mtu mpole wa maneno na mrefu wa mkono. Nsajigwa alikuwa na fahali mweusi, mkaidi na mkorofi, aliyemwangusha kila aliyejaribu kumfunga kamba. Ikatokea kwamba Mwingereza mmoja mfanyabiashara, aliyekuwa akipita na stima kutoka upande wa Karonga, alitaka ng'ombe mmoja wa nyama. Mkalimani wake akapatana na Nsajigwa. Ng'ombe mmoja, kwa majora mawili ya merikani. Siku ikawekwa ya kukutana Mwaya.

Lakini fahali yule hakukubali kutembea mbele ya mtu. Alikubali jambo moja tu, kumfuata ng'ombe jike. Ndipo Nsajigwa akaenda kwa Angetile.

Angetile alikuwa mjane, mwembamba, mwenye maneno machache yenye makali. Binti yake alikuwa amefariki katika uzazi, akamwachia kitoto cha kike kiitwacho Naomi, na kitoto kile kiliishi kwa maziwa ya yule ng'ombe mwekundu. Hakuwa na ng'ombe mwingine, wala shamba kubwa, wala mtoto mwingine wa kumtegemea.

"Mama," alisema Nsajigwa, "niazime ng'ombe wako atembee tu mbele ya fahali wangu hadi mwaloni, kisha arudi. Jua halijakuwa kali utakuwa naye nyumbani."

"Atarudi?" aliuliza Angetile.

"Mimi ni jumbe wako," alijibu Nsajigwa.

"Ndiyo sababu ninauliza," alisema Angetile. Akamfungua ng'ombe, akaishika kamba yeye mwenyewe, akaenda naye.

Hivyo jeshi likatoka Talatala alfajiri. Mbele Angetile na ng'ombe wake, nyuma yake fahali mweusi akinusa njia kwa heshima asiyowahi kumwonyesha binadamu, na nyuma kabisa, mbali na pembe, Nsajigwa, na Enoki, na kundi la watu waliosema wanakwenda kusaidia. Walipofika Mwaya, stima ilikuwa imetia nanga mbali kidogo, na mashua imeletwa mpaka kwenye maji mafupi. Wanyama wakasimamishwa ukingoni wakielekea ziwa. Katika omo ya mashua alisimama Mwingereza, mwekundu kwa jua, amevaa kofia pana kama ungo, akiitazama nchi kavu.

Mkalimani hakuwako. Wapiga makasia, watu wa mbali wasiojua Kinyakyusa, waliashiria kwa mikono kwamba yule mtu amelala kwenye stima anatetemeka kwa homa. Mwaloni alikuwako pia askari mmoja wa boma, mtu wa Pwani, amesimama na kiboko chake kwapani, kazi yake ikiwa ni kuangalia kwamba hakuna ghasia mbele ya wageni.

Nsajigwa akageuka. Watu wote wakageuka. Na mahali walipopatazama palikuwa pamesimama Enoki.

"Enoki," alisema Nsajigwa, akipandisha sauti ili askari asikie, "Mungu hakukupeleka Karonga bure. Ulikula jasho la ugenini, ukatuletea ulimi wa watu hawa. Leo Talatala haina mdomo ila mdomo wako. Nenda ukaseme nao."

Enoki akavuta pumzi, kifua kikajaa, akaingia majini hadi magotini, akasimama mbele ya omo. Hakuna aliyejua kuliko yeye udogo wa ghala lake la maneno. Lakini watu wote wa kwao walikuwa wanamtazama mgongoni.

Mwingereza akasema maneno mengi. Akanyosha kidole. Katika maneno hayo yote Enoki akalisikia moja, likipita katikati ya wageni kama ndugu yake, raiti. Mwingereza alikuwa akiuliza, "Ni yule wa kulia?" Kwani hapo aliposimama, akiitazama nchi kavu, fahali alikuwa mkono wake wa kushoto, na mkono wake wa kulia alikuwa ng'ombe wa Angetile, aliyenona, mtulivu, asiye na mkwaruzo hata mmoja kwenye pembe.

"Laiti," alijibu Enoki kwa sauti ya mtu mwenye shamba.

Watu wakapiga vigelegele. Majora mawili ya merikani yakatupwa nchi kavu, Nsajigwa akayapokea kwa mikono miwili. Wapiga makasia wakashuka na kamba, wakampita fahali, wakamfunga ng'ombe wa Angetile kwenye pembe.

Angetile hakupiga kelele. Alikaza mkono kwenye kamba yake, akasema, "Enoki, wanamfunga wangu."

Hapo ndipo vita vilipoanza.

Shambulio la kwanza Enoki alilifanya kwa uso. Alimwonyesha Mwingereza yule ng'ombe, akakunja sura kama mtu aliyeonja shubiri, akatikisa kichwa, akasema, "Laiti," akikusudia kwamba jambo halikukaa vizuri. Lakini neno lile halikujua kubeba kinyume chake. Mwingereza alitazama ng'ombe, akatazama sura ile, akaona huenda ndivyo watu wa huku wanavyofurahi. Akaitikia, "Raiti, raiti," yaani kweli kabisa, ni ng'ombe mzuri. Wapiga makasia wakaongeza kamba ya pili.

Shambulio la pili lilikuwa la sauti. Enoki alikwenda akaikamata kamba, akapaza, "Laiti." Askari wa Pwani akasogea, kwa kuwa kwao laiti ni neno la mtu anayejuta, akangoja kwa hamu kusikia anajutia nini. Mwingereza naye akageuka mwekundu zaidi. Akayaonyesha majora yaliyokuwa mikononi mwa Nsajigwa, akajipiga kifuani, akalitamka neno lilelile kwa ukali mpya kabisa. Safari hii raiti ilikuwa haki. Alikuwa akisema kwamba amelipa, na kwamba ng'ombe yule ni haki yake.

Lugha tajiri, jamani, ile ya Waingereza. Wamezunguka dunia yote wakikusanya visiwa na pembe za ndovu, lakini maneno hawakukusanya ya kutosha, ikabidi neno moja lifanye kazi ya kijakazi katika nyumba nne, huku likisema vizuri, kule likisema kweli, hapa likisema haki, na pengine likionyesha tu upande wa mkono. Labda ndiyo maana kwao ni rahisi mtu kushika kilicho mkono wake wa kulia akadhani ameshika haki.

Askari akakitoa kiboko kwapani. "Wewe," alimwambia Enoki, "iache kamba ya mgeni, au utalala kifudifudi hapa hapa."

Enoki akaiacha. Akamwendea Nsajigwa, akamwambia kwa sauti ya chini, "Tata, baba yetu, warudishie kitambaa. Waambie kwa ishara. Wewe unajua wa kuuzwa ni yupi."

Nsajigwa alikuwa ameyakumbatia majora kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Alimtazama fahali wake, ambaye sasa alikuwa bado ni wake, akatazama kitambaa, ambacho kilikuwa chake pia, na moyo wake ukajaa utii kwa mapenzi ya Mungu.

"Enoki," alisema, "mimi sijui Kiingereza. Mgeni aliuliza, mjuzi akajibu, biashara ikafungwa. Unataka nianzishe ugomvi na Mzungu mbele ya askari wa boma? Watatukamata sote. Mama Angetile atasaidiwa. Tutakaa tuzungumze."

"Lini?" aliuliza Angetile.

"Tutakaa," alisema Nsajigwa.

Angetile akamwacha hapo. Aliingia majini na nguo zake, akamkumbatia ng'ombe wake shingoni, akamtazama Enoki tu.

"Jioni Naomi akilia," alisema, "nitampa nini? Nimpe laiti?"

Maneno hayo yalimwingia Enoki mahali ambapo kiboko kisingefika. Kifua kile kilichotoka Talatala kimejaa kikalegea. Aliwaza kukimbia. Aliwaza pia kumwambia Mwingereza yote kwa Kinyakyusa, na akafanya hivyo, kwa urefu na kwa ufasaha, na Mwingereza akampa kisogo katikati ya hotuba.

Ng'ombe alikataa kuingia katika mashua. Wapiga makasia walimvuta, akakita miguu chini. Mwingereza akatoa saa mfukoni, akaitazama, akasema kwa haraka raiti ya aina nyingine, iliyomaanisha sasa hivi, upesi. Wakavuta zaidi. Kisha akaona kwamba mashua imekaa vibaya, ikabidi isogezwe. Akaunyosha mkono wake wa kulia, akaupunga, akapaza sauti, "Raiti, raiti," na wapiga makasia wakasukuma kwa miti, mashua ikasogea upande ule ule wa mkono uliopungwa.

Enoki aliona.

Aliutazama ule mkono. Akatazama upande ulikoelekea. Huko alikuwa amesimama ng'ombe wa Angetile. Akautazama mkono wake mwenyewe, huu anaolia chakula, ambao asubuhi ya leo ulikuwa umemega ndizi bila kujua kwamba una jina la Kiingereza. Ndipo akajua alichoulizwa na alichojibu, akaona aibu kubwa, na chini ya aibu ile, kama samaki chini ya jabali, akaona njia.

Neno lingine hakuwa nalo. Kushoto kwa Kiingereza hakukujua, hapana hakuijua, kosa hakulijua. Ikiwa neno lake halina uwezo wa kwenda kwa fahali, basi lazima Mwingereza mwenyewe ahamishwe mpaka fahali awe mahali neno lilipo.

Na bahati, ambayo huwahurumia wenye mabega mapana, ikamsaidia. Mwingereza alichoka kungoja. Alitaka kushuka aende akamsukume ng'ombe kwa nyuma, lakini alikuwa amevaa viatu vya ngozi vilivyong'aa, na watu wa aina yake hawakushuka majini kwa miguu yao wenyewe. Akaita kwa kidole aje mtu wa kumbeba.

Wapiga makasia walikuwa kwenye kamba. Enoki akainama, akatoa mgongo.

Enyi mnaonisikiliza, wako mashujaa waliobeba milango ya miji. Enoki alimbeba mfanyabiashara, na mfanyabiashara alikuwa mzito, akinuka tumbaku, akimshika shujaa masikio kama mtu anayeshika mishikio ya chungu. Alitoka naye majini. Alipaswa kumtua ukingoni. Hakumtua. Alimpita ng'ombe, akampita fahali kwa mbali kwa sababu ya pembe, akaingia naye majanini. Mwingereza akaanza kusema maneno begani, kwanza ya kushangaa, kisha ya kutisha. Askari akaja mbio na kiboko. Nsajigwa, aliyekuwa wa kwanza kuelewa, akapaza sauti, "Mzuieni, amepatwa na wazimu."

Enoki akazunguka nyuma ya wanyama, akasimama, akamtua Mwingereza taratibu kama mtu anavyotua yai, uso wake ukielekea ziwa. Mbele yao sasa walikuwa wanyama wale wale, lakini kwa mikia. Ng'ombe wa Angetile alikuwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia alikuwa fahali wa jumbe.

Enoki akaunyosha mkono wake wa kulia.

"Laiti," alisema.

Hotuba yake ilikuwa imekwisha yote.

Kiboko kilikuwa kimeinuliwa. Mwingereza akautazama mkono ule, akamtazama fahali. Akageuka akautazama ukingo, mahali alipokuwa amesimama mwanzoni, akautazama mkono wake mwenyewe wa kulia, akaugeuza mbele na nyuma kama anayeuona kwa mara ya kwanza. Kisha macho yake yakamfikia Angetile, amelowa mpaka kifuani, amemkumbatia ng'ombe, na chini ya ng'ombe akakiona kiwele kilichojaa maziwa. Uso ule mwekundu ukapata rangi nyingine ambayo sisi hatukuwa tumewahi kuiona kwa watu wale. Akamwashiria askari ashushe mkono. Akawaambia watu wake maneno, na wakaanza kumfungua ng'ombe.

Wako wanaosema aliona haya. Wako wanaosema aliona tu kwamba fahali ana nyama zaidi. Mimi niliyepewa kazi ya kusimulia sikupewa ufunguo wa kifua chake.

Nsajigwa alitaka kusema kwamba biashara ilikuwa imefungwa. Lakini maneno yake mwenyewe yalikuwa yamemfunga, maana mjuzi alikuwa amejibu tena, na majora yalikuwa mikononi mwake, na Mwingereza sasa alikuwa akimtazama yeye. Akaufunga mdomo.

Kazi ikawa kumwingiza fahali majini, maana hakuna aliyethubutu kumgusa. Angetile ndiye aliyewaokoa. Alimtanguliza ng'ombe wake hadi ubavuni mwa mashua, bila kuomba ruhusa ya mtu, fahali akafuata kama bwana arusi, wanaume wakamtupia kamba, wakamwangusha ndani ya mashua kwa kishindo kilichovunja sanduku moja la mgeni. Kisha Angetile akamgeuza ng'ombe wake akatoka naye majini.

Mwingereza, akibebwa na mtu mwingine kurudi, alimtazama Enoki juu ya bega la yule mtu. "Raiti," alisema. Ilikuwa kweli, au ilikuwa haki, au haya tuondoke. Enoki naye aliinamisha kichwa, akalipokea neno bila kuuliza ni lipi kati ya hayo.

Njiani kurudi Nsajigwa alishika tena nafasi ya mbele, kwa kuwa sasa hapakuwa na pembe za fahali, akawahutubia watu. "Mmeona," alisema, "namna nilivyomchagua mjuzi kwa wakati wake. Pasipo uongozi, leo tungepoteza ng'ombe." Watu wakasema ndaga, yaani asante, maana alikuwa jumbe na kiboko cha boma kilikuwa nyuma yake. Lakini wimbo waliouimba wakapita Ipinda nao, ukaingia Talatala nao, ulimtaja Enoki peke yake, na ulimfanya Mwingereza kuwa mzito mara tatu.

Jioni Angetile alikamua. Naomi alikunywa akiwa amefumba macho, mikono yote miwili kwenye kibuyu. Enoki alikuwa amesimama mlangoni, hajui kama amekaribishwa.

"Mama," alisema, "mimi ndimi niliyemuuza, na mimi ndimi niliyemkomboa. Sijui unanihesabu wapi."

Angetile alimsogezea kigoda. "Keti," alisema. "Yamebaki kidogo." Akammiminia maziwa katika bakuli la udongo, naye akanywa.

Zikapita mvua nyingi. Ukaja ule mwaka wa vita, Waingereza wakavuka Songwe na bunduki, Wajerumani wakaondoka bomani Tukuyu bila kuaga. Enoki, ambaye kwa miaka yote hiyo alikuwa mkalimani mkuu wa Kiingereza wa nchi isiyofikiwa tena na Mwingereza, alisimama sokoni Ipinda akalitazama jeshi likipita. Karibu naye alikuwa Naomi, msichana sasa, mwenye ungo wa mchele kichwani. Afisa akapaza neno. Kikosi kizima, askari safu kwa safu, kikageuka mara moja upande wa kulia.

"Umelisikia?" aliuliza Enoki, na sauti yake ilikuwa imepata tena kile kifua. "Watu wote wale na bunduki zao wanageuzwa na neno lile. Mimi, mwanangu, nilimgeuza mwenye neno."

Naomi alikuwa amekwisha kuusikia mwanzo ule, na mwisho wake, na pembe za fahali zikiongezeka kila masika. Alimwambia ndaga, kwa upole kabisa, kwani alijua maziwa aliyokunywa yalitoka wapi. Kisha akaukaza ungo kichwani, akashika njia ya nyumbani, akiwa tayari ameanza kusikia nyuma yake Enoki akiwaita wauza vyungu wasogee, waache kelele za sokoni, waje wasikilize habari kubwa.